Maswali Yenu ya Websaiti: Kutoka Simu ya Kayole Hadi Bucha ya Dagoretti

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya watu wanaoanza kabisa, kwa hivyo nimechagua yale ambayo nikimjibu mmoja nimejibu na wengine wengi walioandika kitu kama hicho. Kama lako halimo soma tu, pengine jibu lako liko kwa jirani.

SWALI: Habari mwalimu. Niko Kayole, nilimaliza shule mwaka jana na nataka sana kujifunza kutengeneza websaiti. Kuna mahali nilienda tao wakaniambia ninunue laptopu kwanza, alafu nilipie kozi ya miezi sita, eti bila hiyo siwezi kuelewa kitu. Mimi niko na simu ya Android tu. Kwani siwezi kuanza?

JIBU: Dadangu unaweza kuanza leo jioni.

Kitu cha kwanza kuelewa ni hiki, na ukikielewa vizuri woga wote unaisha: ukurasa wa websaiti ni faili ya maandishi. Ukifungua ukurasa, brauza yako (programu kama Chrome) inaiomba hiyo faili kutoka kwa kompyuta ingine inayoitwa seva, inaisoma kuanzia juu kuteremka chini, na kila ikikuta alama fulani inajua hapa ni kichwa, hapa ni aya, hapa ni linki ya kwenda ukurasa mwingine. Hizo alama zinaitwa tagi na lugha yenyewe ni HTML. Ilianzishwa na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa anafanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, alipeleka pendekezo lake 1989 na kufika 1991 websaiti ya kwanza ilikuwa inafunguka. Alafu tarehe 30 Aprili 1993 CERN wakatangaza kwamba hiyo teknolojia ni ya kila mtu, hakuna kulipia. Kwa hivyo mtu yeyote anayekuambia lazima pesa itoke kwanza ndio uandike HTML, hapo hakuambii ukweli. Na nakala ya ile websaiti ya kwanza bado iko, andika info.cern.ch kwa simu yako uione, ni maandishi na linki tu.

Sasa fanya hivi. Ingia Play Store utafute Acode ama Spck, zote unazipata bure na zimetengenezwa kwa ajili ya kuandika msimbo (code) kwa simu. Fungua faili mpya uiite index.html, herufi ndogo zote, alafu uandike:

<h1>Mandazi moto Kayole</h1>
<p>Tunapika kila siku kuanzia saa kumi na moja asubuhi.</p>
<a href="tel:namba yako">Piga simu uagize</a>

Hapo kwa namba yako weka namba yenyewe ukianza na +254. Bonyeza kitufe cha kuonyesha na huo ni ukurasa, umeshaandika. Angalia vile kila tagi inafunguka na inafungwa, ile ya kufunga iko na mkwaju (/) ndani. Ukisahau kufunga mara nyingi brauza haitalalamika, itajaribu kukisia ulitaka nini na kuendelea, na hapo ndio wanaoanza wanachanganyikiwa sana manake kosa liko mstari wa pili na uharibifu unauona mstari wa ishirini. Kitu kingine, usiandikie msimbo kwa programu ya barua kama Word ama ukopi kutoka kwa meseji, zile zinapenda kubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka zikawa zilizopinda, na kwa brauza hizo si alama za kunukuu tena, linki inakataa na wewe unaitazama tu huoni kosa liko wapi.

Nataka ukae na HTML peke yake wiki kadhaa. Andika ukurasa wa mtu unayemjua, mama wa mandazi, fundi wa viatu, kwaya ya kanisa, msikiti wa mtaa, uulize wenyewe wateja wao huuliza nini kila siku, alafu hayo majibu ndiyo uandike. Rangi na mapambo ni kazi ya CSS na CSS ilitoka rasmi Desemba 1996, yaani kurasa ziliishi kama miaka mitano hivi bila hiyo na watu walikuwa wanazisoma na zinawasaidia. Mimi huwa naumia nikiona mtu amejifunza kufanya maandishi yaruke na yageuke rangi lakini ukurasa wenyewe hauna bei, hauna masaa ya kufungua, na hausemi duka liko wapi.

Laptopu itakufaa baadaye, kuandika sana kwa simu kunachosha vidole na macho, lakini hapo mwanzo ukihitaji kompyuta kuna saiba za mtaa. Na kozi sikukatazi, ila kwanza jaribu zile za bure, freeCodeCamp ni bure mpaka vyeti vyake, na MDN, ile websaiti ya Mozilla yenye maelezo ya kila tagi, ndiyo nafungua mwenyewe nikitaka kuhakikisha tagi fulani inafanya nini. Ukishaandika kurasa zako ndogo hivi utaweza kuingia kwa hiyo shule ya tao uwaulize wanafundisha nini zaidi ya hapo, na jibu lao litakuonyesha kama pesa yako inafaa kubaki kwao.

SWALI: Assalamu aleikum mwalimu. Nauza madera na baibui Eastleigh, kijana wangu amenitengenezea websaiti kwa laptopu yake na ilikuwa inapendeza kabisa, lakini vile tuliipandisha kwa seva picha zingine hazionekani, tunaona kisanduku kitupu tu. Na zile zinaonekana, wateja wanasema zinachukua muda na zinamaliza data. Shida ni nini?

JIBU: Waaleikum salaam mama. Hapo kuna shida mbili na kila moja iko na dawa yake.

Ya picha kutoonekana, mwambie kijana aangalie majina ya faili. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, dera1.JPG na dera1.jpg kwake ni kitu kimoja, lakini seva nyingi zinatumia Linux na kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti. Kwa laptopu inafunguka, kwa seva inatafuta jina ambalo halipo. Aandike majina yote kwa herufi ndogo, asiache nafasi katikati, aweke kistari. Akimaliza hapo aangalie kama kuna mahali ameandika njia ya picha ikianza na C:\Users, hiyo ni njia ya ndani ya laptopu yake na simu ya mteja aliye Nakuru haiwezi kuingia humo. Picha ziwekwe kwa folda moja karibu na ukurasa, tuseme inaitwa picha, na kwa msimbo aandike picha/dera1.jpg, basi.

Ya data ndiyo inaniuma zaidi mama, manake hapo ni pesa ya mteja. Picha moja iliyopigwa na simu nzuri inaweza kufika MB 4, ukiweka 12 kwa ukurasa mmoja hizo ni MB 48, na mteja aliyenunua data ya siku tu umemmalizia kabla hajaona bei. Wengi wanafikiri wakiandika kwa msimbo kwamba picha ionekane ndogo basi imekuwa nyepesi, hapana, brauza inapakua ile kubwa yote alafu ndio inaionyesha ikiwa ndogo. Lazima picha yenyewe ipunguzwe kabla ya kupandishwa. Kuna kifaa cha bure kinaitwa Squoosh, kinafunguka ndani ya brauza, unaweka picha unaishusha upana ufike pikseli 1000 hivi na ubora 75, na mara nyingi itatoka chini ya KB 200 na kwa macho dera ni lile lile. Zile picha za chini kabisa aziongezee loading="lazy" ili zisipakuliwe mpaka mteja ateremke kuzifikia. Na kila picha iwe na alt, yaani maelezo ya picha ndani ya tagi yake, yenye maneno ya kweli, kwa mfano "Dera la pamba, rangi ya bluu, saizi kubwa", manake picha ikikataa kufunguka mteja bado atajua unauza nini, na asiyeona anasomewa hayo maneno na simu yake.

SWALI: Mwalimu mbona ukurasa wangu kwa kompyuta uko sawa lakini kwa simu maandishi ni madogo sana mpaka mtu avute kwa vidole? (Kasarani)

JIBU: Umesahau mstari mmoja pale juu ndani ya head, ile sehemu ya juu ya faili iliyo kati ya <head> na </head>:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Bila huo mstari simu inajifanya skrini yake ni pana ya kompyuta, inachora ukurasa wote alafu inaukandamiza uingie. Uweke kwa kila ukurasa unaoandika, kila mara.

SWALI: Sasa mwalimu. Nimeskia Java, JavaScript, Python na PHP, kila rafiki ananiambia yake ndio iko na pesa. Nianze na gani? Niko Githurai, nimekaa na HTML na CSS miezi miwili hivi.

JIBU: JavaScript, kakangu, na si kwa sababu ya pesa. Ni kwa sababu tayari unaandika kurasa, na hiyo ndiyo lugha ambayo kila brauza inaielewa bila kuweka kitu kingine, uko na simu basi uko na JavaScript. Iliandikwa na Brendan Eich akiwa Netscape, kampuni ya brauza, Mei 1995, toleo la kwanza kwa siku 10 tu, na hiyo haraka bado inaonekana kwa tabia zake zingine za ajabu kama utakavyoona kwa swali linalofuata. Java ni lugha ingine kabisa, jina lilifanana kwa sababu za soko, wakati huo Java ilikuwa inavuma.

PHP nayo ilitoka 1995 na inakaa upande wa seva, WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, imeandikwa kwa hiyo, kwa hivyo ukitaka kazi ya kurekebisha websaiti za watu utakutana nayo tu. Python ni ya 1991, ni safi na ni rahisi kusoma, na kama roho yako iko kwa hesabu za data ama akili bandia enda huko bila kuogopa. Lakini usiguse mbili kwa wakati mmoja. Vitu vya msingi, kigeu (variable), sharti (if), kurudia (loop), fanksheni, viko kwa lugha zote na ukivishika kwa moja ile ya pili inakuwa ni kujifunza vile wanaandika tu. Nimeona vijana werevu wakizunguka mwaka mzima wakianza lugha mpya kila mwezi na hakuna hata kitu kimoja wamemaliza, na inasikitisha kwa sababu uwezo wako nao.

SWALI: Naendesha kibanda cha chakula Kariobangi, ninajaribu kuandika kalkuleta ya bili. Mteja anaandika bei ya madondo 60 alafu chapati 20, nikijumlisha inaniletea 6020! Lakini nikizidisha inakubali vizuri. Nimejaribu mpaka nimechoka.

JIBU: Usichoke, hiyo inampata kila mtu na hujaharibu kitu. Chochote mtu anachoandika kwa kisanduku cha ukurasa kinafika kwa JavaScript kikiwa maandishi, hata kama ni tarakimu. Sasa alama ya + kwa JavaScript iko na kazi mbili, kujumlisha namba na kuunganisha maandishi, na ikikuta upande mmoja ni maandishi inachagua kuunganisha, kwa hivyo 60 na 20 zinasimama kando kando zinakuwa 6020. Alama ya kuzidisha haina kazi ya pili, inalazimisha maandishi yageuke namba kwanza, ndio maana huko uliona mambo ni sawa. Dawa ni kugeuza wewe mwenyewe mapema:

let madondo = Number(kisanduku1.value);
let chapati = Number(kisanduku2.value);
let bili = madondo + chapati;

Hapo utapata 80. Na mteja akiandika "sitini" kwa maneno Number itakurudishia NaN, maana yake si namba, kwa hivyo angalia hilo kabla ya kuonyesha bili. Kwa kompyuta bonyeza F12 uende Console, andika typeof madondo uone kama inakuambia string (maandishi) ama number (namba). Hiyo Console ndiyo rafiki wa kweli wa mtu anayeanza, izoee, makosa yako yote yanaandikwa hapo na namba ya mstari.

SWALI: Mimi ni mzee wa biashara ya vipuri Ngara. Miaka kadhaa imepita nililipa kijana akanitengenezea websaiti, ikafanya kazi, sasa imezimika na yeye hapatikani. Kampuni ya hostingi inasema jina si langu, ni lake. Nimepoteza?

JIBU: Pole sana mzee. Ngoja nitenganishe vitu viwili ambavyo mafundi wengi huviuza kama kimoja. Kuna domeini, hilo jina la .co.ke, na kuna hostingi, ile seva inayoweka faili zako. Fikiria laini na simu: simu ikiibwa unarudisha laini yako kwa simu ingine na watu wanakupata kwa namba ile ile, lakini laini ikiwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine hata ununue simu ya bei gani namba si yako. Hostingi unaweza kubadilisha wakati wowote. Jina ndilo la kupigania.

Majina yote ya .ke yanasimamiwa na KeNIC, na yanauzwa kupitia makampuni yaliyosajiliwa kwao. Tafuta taarifa za jina lako kwa whois, lile daftari la mtandaoni la majina ya domeini, uone muda wake unaisha lini na kampuni gani ndiyo inalishikilia, alafu nenda kwao na cheti cha biashara, risiti ama meseji za M-Pesa ulizomlipa huyo kijana, na chochote chenye hilo jina, kadi za biashara, stempu, picha ya bango la duka. Jaribu pia kumfikia kijana kwa upole, wengi hawakuwa na nia mbaya, alisajili kwa imeili yake kwa sababu ilikuwa rahisi na maisha yakampeleka kwingine, na akikubali kuhamisha jina linarudi kwako bila vita. Akikataa, KeNIC wako na utaratibu wa kusikiza mizozo ya majina.

Na nyinyi wengine mnaosoma, mwenye biashara alipie jina kwa imeili yake mwenyewe na jina lake mwenyewe, fundi apewe tu ruhusa ya kuingia. Fundi mzuri atakuambia hivyo kabla hujamuuliza.

SWALI: Kuna haja ya kujifunza kama akili bandia inaandika msimbo wote? (Umoja)

JIBU: Iko haja. Itakuandikia ukurasa haraka, ndiyo, na siku fomu itakataa kutuma mbele ya mteja ni wewe utaulizwa. Jaribu mwenyewe kwanza, ukikwama uiombe ikueleze kosa mstari kwa mstari, na usiweke kwa seva mstari ambao huwezi kumweleza mtu mwingine unafanya nini.

SWALI: Mwalimu niko na bucha Dagoretti. Niliandika ukurasa wa bei na JavaScript kidogo, bei ya mbuzi ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. Nilipoongeza ng'ombe kila kitu kikapotea, hata mbuzi! Nimeandika hivi: let nyama = 'ng'ombe'; Kosa liko wapi?

JIBU: Hili swali nimelipenda kwa sababu vitabu vingi vya kujifunzia havitakuambia, vimeandikwa na watu ambao hawauzi ng'ombe kwa Kiswahili. Umefungua maandishi kwa alama moja ya kunukuu, programu ikasoma ng, ikakuta ile alama ya ng', ikafikiri hapo ndipo maandishi yameisha, alafu ikabaki na ombe ambayo haijui ni nini. JavaScript inasoma faili yote kwanza kabla ya kuanza kazi, kwa hivyo kosa kama hilo la sarufi linazima kila kitu, ndio maana mbuzi naye alipotea ilhali mstari wake ulikuwa sawa. Tumia alama mbili tu:

let nyama = "ng'ombe";

Kama lazima utumie alama moja, weka mkwaju wa nyuma kabla yake, 'ng\'ombe'.

Siku utaongeza fomu ya oda inayohifadhi majina kwa databesi jambo hili linakuwa kubwa zaidi, manake SQL, lugha ya kuamuru databesi, pia inatumia alama moja kufunga maandishi, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kutumia upenyo huo huo kuingiza amri zake kwa databesi yako. Usiunganishe jina la mteja moja kwa moja na amri ya SQL, tumia zile amri zinazotayarishwa kwanza (prepared statements) alafu data inapelekwa kando, PHP na lugha zingine zote kubwa ziko nazo. Na kama kwa orodha yako utaandika mũtura na hiyo ũ ya Kikuyu, hakikisha pale juu kwa head kuna <meta charset="utf-8">, bila hiyo brauza inaweza kukuletea alama za ajabu mahali pa herufi. Ukimaliza yote, kabla hujampa mteja linki, jaza fomu yako mwenyewe ukitumia jina Ng'ang'a, mahali uandike Murang'a, na oda iwe kilo mbili za ng'ombe. Ikipita hapo iweke hewani.